Nilivyomtafutia Mangi Barabara Isiyopita Gari

Mnakuja na baiskeli zenu nyepesi, zina matairi mapana na breki za sahani, mnaziegemeza kwenye nguzo ya baraza nililofanyia kazi maisha yangu yote, na baada ya shikamoo swali ni lilelile. Mzee, tupe njia ya changarawe huko Kisarawe, isiyo na malori. Mnaninyooshea simu nione ramani. Mimi nawatajia vijiji viwili vitatu, mnashukuru, mnaondoka. Nimeona siwatendei haki. Njia hizo zilitafutwa, tena kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuweza kuziona. Kaeni niwaeleze, na nikikumbuka kitu cha kuwafaa njiani nitakisema hapohapo kabla sijakisahau.

Nilikuwa fundi baiskeli hapa Kariakoo. Nilitoka Masasi nikiwa kijana wa umri wenu, nikapokelewa na Mzee Chande, fundi wa Lindi, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kunyoosha rimu iliyopinda kwa kipande cha chaki. Unazungusha gurudumu, unaisogeza chaki taratibu, pale inapogusa ndipo palipopinda. Unakaza spoku ya upande wa pili kidogo tu, unazungusha tena. Mimi kwa pupa nilikuwa nakaza mpaka rimu inatoka na umbo la yai. Mzee Chande hagombi. Anaitundika rimu yangu ukutani, wateja wanaiona, wanauliza hiyo ni ya nini, na yeye anawaelekeza kwangu.

Jumapili alikuwa anapeleka baiskeli zilizotengenezwa kwenye vilima vya Pugu. Kariakoo ni tambarare, alisema, hapa baiskeli mbovu inajificha. Ukipanda kilima mnyororo unasema ukweli, ukishuka breki zinasema ukweli. Huko ndiko nilikojua kwamba nyuma ya Pugu, na nyuma ya Kisarawe, kuna dunia nyingine: barabara nyekundu zinapanda na kushuka kati ya mihogo na mikorosho, na kimya ambacho mtu wa mjini mwanzoni kinamtia wasiwasi. Unageuka nyuma kuangalia nani anakufuata, kumbe hakuna mtu.

Mkabala na baraza letu palikuwa na duka la spea za baiskeli la Mzee Elinami, Mchaga wa Marangu. Sote tulimwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wote wa kwao. Alikuwa mtu wa kucheka na kubishana, anajua kila boksi liko rafu gani. Kisha presha ya macho ikamwanza. Kwanza aliniomba nimsomee maandishi ya kwenye maboksi, akisingizia miwani. Baadaye akaanza kugonga fremu za mlango. Hospitali walijaribu walichoweza, lakini alikuwa amechelewa, na giza likafunga. Mtakaonielewa nieleweni: mkiambiwa mkapime macho, nendeni.

Duka likashikwa na binti yake, Ndeshi. Mangi akawa anawekewa kiti mlangoni asubuhi, anaondolewa jioni. Watu wanamshika kiwiko kwenda msalani, wanamshika kiwiko kwenda kanisani, hata chai anashikiwa kikombe. Kile kicheko kikaisha. Nilikuwa namwona ng'ambo ya mtaa, mikono imelala mapajani, mtu aliyekuwa hakai chini, na nilikuwa najifanya nina kazi nyingi ili nisiende kumsalimia. Sikujua la kumwambia.

Siku moja akamtuma Ndeshi aniite. Nilipofika alianza kwa kunisimulia jinsi alivyokuwa anashuka kwa baiskeli kutoka Marangu akiwa shule, miguu juu ya usukani, mpaka mwalimu akaiweka baiskeli yake chini ya ulinzi. Halafu akasema, "Fundi, nataka kuendesha baiskeli."

Nikaanza kumhesabia magari ya Kariakoo. Akaniambia nihesabu mpaka nimalize, yeye ana muda.

Nilikuwa nimewahi kuona baiskeli ya watu wawili, ya mgeni mmoja aliyepita. Nikachukua fremu mbili za chuma, nikaenda nazo Buguruni kwa mchomeleaji niliyemwamini. Tulikosea mara ya kwanza: tulizipima vizuri, tukasahau mnyororo. Mnyororo unaounganisha pedeli za mbele na za nyuma lazima uwe na mahali pa kukazwa, la sivyo unalegea na kuruka, na ukiruka kwa mmoja mwingine naye anapiga teke hewani. Tukakata, tukachomelea upya. Ilipokamilika ilikuwa ndefu na nzito, haina uzuri wowote, na nilijivunia kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Tukaijaribu Jangwani, kiangazi, kwenye viwanja vile vya mpira wakati hakuna timu. Mimi mbele, Mangi nyuma. Hapo nikajifunza kazi ya mtu wa mbele, na nyie mkiendesha kwa kundi ni kazi hiyohiyo: kusema. Sema tunakata kushoto, sema kuna shimo, sema naacha kukanyaga. Mimi nilizoea kuendesha peke yangu. Tulipofika mwisho wa uwanja nikakata kona kimya, Mangi akaegemea upande wake, tukalala chini wote. Alichubuka kiwiko na goti. Aliinuka anacheka, na ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu macho yake yafunge.

Mkewe hakucheka. Mama Ndeshi alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na akishusha sauti zaidi ujue umefika pabaya. Alikuja barazani kwangu mwenyewe. Aliniambia kwamba mume wake alishaanguka ngazi za dukani, alishaanguka bafuni, na yeye usiku halali akimsikiliza akinyanyuka. Sasa mimi nimempandisha kwenye baiskeli katika mji ambao hata wenye macho mawili wanagongwa.

Nikamwambia, "Shemeji, mjini sitampeleka. Nitampeleka pasipo na gari."

"Wapi huko?"

Nikasema huko nyuma ya Kisarawe. Akaniangalia, akasema, "Nionyeshe kwanza barabara isiyopita gari. Niione kwa macho yangu. Bila hivyo, hiyo baiskeli yenu mkafugie kuku."

Basi nikaanza kutafuta. Kila Jumapili nilipakia baiskeli yangu kwenye kirikuu cha jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, naenda mpaka Kisarawe, nashuka, naingia njia za ndani. Niliwahi kufuata barabara nzuri kabisa, pana, imeshindiliwa, nikashangilia moyoni, kumbe inaelekea machimbo ya mchanga. Malori yalipoanza kurudi nilijitupa mihogoni na baiskeli yangu. Ndipo nikajua: barabara nzuri kupita kiasi ina mwenyewe, na mwenyewe ni lori. Unayoitaka wewe ni ile yenye majani katikati, kati ya nyayo mbili za matairi. Majani yakiwa mafupi, gari hupita mara chache. Yakiwa yanafika kwenye pedeli, gari limeshaisahau. Yakiwa yanafika tumboni, geuza, mbele pana mto.

Tena msiulize njia kwa dereva wa bodaboda. Si kwamba anadanganya, ila yeye kila mahali kwake panapitika. Ulizeni akina mama wanaotoka shamba na mzigo kichwani. Mwenye mzigo anajua kila kilima na kila mchanga, kwa kuwa shingo inamkumbusha. Na salimieni kabla ya kuuliza, mshuke kwenye baiskeli. Mahali wameanika makopa njiani, zungukeni, hata kama ni kupitia kwenye miiba. Mihogo ile ndiyo chakula cha nyumba, na anayekanyaga makopa ya watu leo, kesho atakuta gogo limelazwa katikati ya barabara.

Nikaunga kipande na kipande. Njia ya zamani ya kwenda shamba la mikorosho, kisha kichochoro cha kushuka bondeni, daraja la magogo, kisha mgongo wa kilima wenye changarawe nyembamba, mwisho kijiji chenye zahanati ambako kirikuu kingeweza kuja kutuchukua kwa barabara nyingine. Nikamweleza Mama Ndeshi nimepata. Akasema twende.

Alikuja na kitenge cha kutandika, chupa ya chai na mkate. Alikaa pale ambapo njia yangu inaingia shambani, tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa kali, anatazama barabara kama anatazama maziwa jikoni. Walipita mbuzi. Alipita mzee na baiskeli ya mkaa, wakasalimiana kirefu. Ikapita bodaboda moja imebeba mama na kuku.

"Hiyo je?" akaniuliza.

Nikamwambia bodaboda si gari. Akakunja kitenge chake, akamimina chai iliyobaki chini, akasema Jumapili itakayofuata atatusubiri kule mwisho, na mumewe avae shati la mikono mirefu, kofia ngumu na miwani, asije akachomwa na matawi. Ile miwani nitaieleza.

Tukaenda. Tukaziacha nyumba za mwisho. Changarawe ikaanza kulia chini ya matairi, na mimi kazi yangu ikawa kutangaza kama mtangazaji wa mpira: kilima kidogo, mchanga, kanyaga, mtelemko, naachia breki. Kwenye mtelemko wa changarawe msishike breki ya mbele peke yake, gurudumu litawaacha. Breki ya nyuma kwanza, taratibu, na makalio yarudi nyuma ya siti. Kwenye mchanga mzito msipigane na usukani, uacheni uyumbe, miguu iendelee. Mangi nyuma alikuwa anakanyaga kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Kwenye kupanda nilihisi baiskeli inasukumwa, nikajua mimi ndiye mzigo.

Tulipofika juu ya kilima kimoja aliniomba nisimame. Alisimama na mguu mmoja chini, anahema, uso ameuelekeza kwenye upepo. Akasema, "Hakuna aliyenishika."

Nikasema ndiyo, hakuna. Nikajifanya nakagua mnyororo.

Kosa nililifanya mbele kidogo. Tulitaka kunywa maji, nikaiegemeza baiskeli kwenye mkorosho mkubwa uliokuwa kando ya njia. Ile baiskeli ni nzito, nilivyoisukuma iligonga shina, na sikuwa nimetazama juu. Juu palikuwa na mzinga wa nyuki. Vijana, kabla ya kuegemeza chochote kwenye mti, tazameni juu. Ni jambo la kufumba na kufumbua.

Waliniteremkia usoni. Nilimshika Mangi mkono, tukakimbia bila kujua tunakimbilia wapi, tumeacha baiskeli, na fimbo yake nyeupe ya kupapasia njia imefungwa hukohuko kwenye fremu. Tuliingia mihogoni, tukaanguka, tukakimbia tena mpaka mlio ukabaki nyuma. Mangi alikuwa amechomwa mikononi na shingoni. Kofia, miwani na lile shati alivyoagiza Mama Ndeshi vilimwokoa. Mimi nilikuwa na kofia ya kitambaa tu. Nilianza kuona ukungu, halafu mstari mwembamba wa mwanga, halafu kope zikakutana kabisa. Midomo imevimba. Nikaanza kuingiwa na hofu mbaya, nazunguka nimenyoosha mikono, najikwaa, naita watu, na huko hakuna mtu. Si nilitafuta pasipo na gari, nikapata pasipo na mtu.

"Fundi," Mangi akasema, "kaa chini."

Nikamwambia sioni. Nilirudia mara nyingi, kama vile alikuwa hajasikia.

"Najua huoni. Kaa chini kwanza, upumue."

Nikakaa. Aliniuliza kama pumzi inapita vizuri, nikasema inapita. Aliniuliza kama kifua kinabana, nikasema hapana. Akatoa simu yake, ile ya vitufe, akapapasa. Namba aliyokuwa anaijua kwa vidole ni ya mkewe peke yake, na nilisikia akivuta pumzi kabla ya kubonyeza. Mtandao haukuwepo. Nadhani alishukuru kidogo.

Akasema tutatembea. Kwanza alitafuta barabara kwa miguu, anakanyaga na kusikiliza, mpaka changarawe ikalia. Kisha akasimama akigeuza uso. Tulipokuwa tunapanda, alisema, jua lilikuwa linampiga shavu la kushoto, kwa hiyo tukitaka kwenda mbele tuliweke hukohuko. Akavua shati, akabaki na fulana, akanipa mkono mmoja wa shati nishike, yeye akashika wa pili. Akaniweka kwenye unyayo mmoja wa matairi, yeye akaingia wa pili, majani yakiwa katikati yetu. Ukihisi majani mguuni, alisema, umenifuata mimi, rudi kwako. Ukihisi miiba, umetoka nje.

Tulienda hivyo. Mimi nilitaka kunyanyua magoti kama anayevuka maji. Alinikataza, akasema nivute miguu chini, kiatu kiwe kinagusa kabla uzito haujafika. Nilipiga mwamba kwa kidole gumba nikaona nyota, ndizo pekee nilizoziona siku hiyo. Njia ile niliifahamu kwa macho kila kona, na sasa nilikuwa sijui hata tuko wapi. Tulipofika mahali inapogawanyika mimi nilisema kulia. Mangi akauliza kwa nini kulia. Nikakosa sababu. Yeye akatega sikio muda mrefu, akasema kushoto anasikia jogoo, na penye jogoo pana mtu. Tukaenda kushoto.

Tulimkuta mama mmoja na ndoo zake akitoka kisimani. Tulisikia ndoo zikitua chini. Nafikiri alituogopa: wazee wawili wameshikana kwa shati, mmoja uso kama boga. Akauliza imekuwaje, Mangi akamweleza nyuki. Mama akauliza, "Kwa hiyo wote wawili hamuoni?"

"Mimi sioni tangu zamani," Mangi akajibu. "Huyu kaanza leo."

Yule mama alicheka mpaka akatuomba radhi. Akaacha ndoo zake njiani, akatupeleka zahanati mwenyewe, na njia nzima anajizuia kucheka.

Nesi alinitoa miiba ya nyuki kwa kuikwangua na ukingo wa kadi ngumu. Msiibane kwa kucha, mkiibana mnajichoma tena kwa sumu iliyobaki. Alinichoma sindano, akanilaza kwenye benchi nje pale kibarazani, kitambaa cha maji baridi usoni. Jicho moja likaanza kufunguka, upenyo kama wa kibubu. Vijana wa kijiji walienda na moshi kuichukua baiskeli, wakairudisha nzima.

Kabla sijamaliza niwaambie kwamba tuliendesha ile baiskeli miaka mingi baadaye, mimi na Mangi, mpaka magoti yake yalipochoka, naye akafariki kwa uzee nyumbani kwake, ameniachia kazi ya kuwatafutia wengine njia. Baadhi ya njia zile zimeshawekwa lami, nyingine zimechukuliwa na malori, itabidi mtafute zenu. Lakini siku ile sikujua kama kutakuwa na Jumapili nyingine. Nilikuwa nimelala pale nasubiri Mama Ndeshi.

Alikuja kwa bodaboda, habari ilikuwa imeshamfikia kule ukingoni mwa kijiji, njia ya kulia inapotokea, alikokuwa anatusubiri. Nilimwona kwa ule upenyo wa jicho akishuka, viatu mkononi, kilemba kimelegea. Mangi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati kati ya nesi, yule mama wa ndoo na watu wengine wa pale, anawasimulia. Mikono yake haikutulia. Aliwaonyesha mtelemko ulivyokuwa, akaegemea kona, akaiga sauti yangu nikilia kwamba sioni, wakacheka, akapokea kikombe cha chai bila kushikiwa, akanywa, akaendelea.

Mama Ndeshi alisimama palepale kwenye jua. Alipoona nimemwona, akaweka kidole mdomoni. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Kisha akaja kimya akakaa kwenye benchi langu, akachovya upya kile kitambaa kwenye maji, akanirudishia usoni.

"Shemeji," akaninong'oneza, "Jumapili ijayo mnaondoka saa ngapi?"

Nilimwambia tusubiri kwanza macho yangu yafunguke.

"Ya nini?" akasema. "Si leo mmefika bila hayo."